Chaja haina neno, angalia plagi

Ikikaribia miezi ya kuondoka, waliopata vyuo vya nje huuliza swali lilelile: chaja ya laptopu haitaungua huko? Wengine wameshashauriwa wanunue transfoma, na wapo wanaoibeba kweli, chuma kizito ndani ya begi ambalo mwisho wake ni kilo 23. Iache nyumbani, mdogo wangu. Weka unga.

Geuza chaja yako, ile pakiti nyeusi iliyo katikati ya waya, usome maandishi madogo kwenye mstari wa INPUT. Ukikuta 100-240V, 50/60Hz, basi inakubali umeme wa Japani wa volti 100, wa Marekani na Kanada wa volti 120, wa Ujerumani wa 230 na huu wetu wa Tanzania. Inajirekebisha yenyewe, wala hakuna cha kubonyeza. Mstari wa OUTPUT, tuseme 19.5V 3.34A, ndio umeme unaoingia kwenye laptopu, nao ni uleule uwe Dodoma au Osaka. Chaja za laptopu za miaka hii karibu zote ziko hivyo, lakini soma ya kwako, hasa kama siyo ile iliyokuja na mashine. Ikiwa imeandikwa 220-240V peke yake, usiende nayo Marekani.

Kazi iko kwenye plagi. Ukienda Uingereza, Oman au Dubai, pini zetu tatu bapa zinaingia bila maneno. Ujerumani soketi imezama ukutani, ina matundu mawili ya mviringo, na ethi yake, yaani njia ya usalama inayopeleka umeme unaovuja ardhini, ni vibati viwili vya pembeni. Marekani ni pini mbili bapa nyembamba, na ya tatu ya mviringo ndiyo ethi. Uswisi nao wana yao, hata plagi nene ya Kijerumani haiingii.

Hapo ndipo watu hukimbilia adapta za safari za bei ya chee. Adapta hizo hubadilisha umbo tu, volti hazizigusi, na nyingi hupokea pini tatu zikatoa mbili: ethi imeishia njiani. Utaijua siku unapoegemeza kiganja juu ya laptopu ya bati inayochajiwa, ukahisi kama ngozi inatekenywa. Ni umeme mdogo unaovuja kupitia vichujio vya chaja, ambao ungepita kwenye ethi kama ingekuwepo. Kwa kawaida hauna madhara, ila ethi imewekwa kwa ajili ya siku kitu kitakapoharibika kweli.

Mimi humwambia kila anayeondoka abadilishe waya, adapta asiiguse. Kwenye chaja nyingi, waya unaotoka ukutani huchomoka pale unapoingia kwenye pakiti. Tazama ncha yake: kama ina matundu matatu yaliyokaa kama mafiga, ingia duka la kompyuta ukishafika, uonyeshe ncha hiyo na uombe waya wa aina hiyo wenye plagi ya pale. Ni kitu cha bei ndogo, ethi inabaki, na hakuna kidude kinachoning'inia ukutani kikilegea na kupata moto. Kama chaja yako ni ya USB-C inayochomekwa ukutani moja kwa moja, nunua nyingine hukohuko yenye wati zilezile au zaidi. Ya wati 30 kwenye laptopu inayotaka 65 itakukalisha siku nzima.

Halafu lile la kalamu. Sote tumelelewa nalo: plagi ya pini mbili haiingii, unasukuma kalamu kwenye tundu la juu, milango ya matundu ya chini inafunguka, unachomeka. Milango hiyo ilitengenezwa isubiri pini ya ethi. Pini nyembamba za mviringo hazikamatwi sawasawa humo, zinacheza, zinatoa cheche, na plastiki inaanza kunuka. Usihame nalo kwenda bweni la watu.

Pasi, birika na mashine ya nywele ni habari nyingine, zisome upya kila kimoja. Pasi ya volti 240 ukiichomeka kwenye 120 inabaki na kama robo ya nguvu, hata kola hainyooki. Kinachoumiza ni safari ya kurudi: blenda ya volti 120 kutoka Marekani, zawadi ya mama, ikichomekwa Mbagala inatoa moshi kabla ya embe kusagika. Hiyo ndiyo inayohitaji transfoma.

Kwenye ndege, chaja haina betri, hata begi kubwa inakubali. Lakini iweke kwenye begi la mkononi, maana mizigo huchelewa na usajili wa chuo hausubiri. Pawabenki lazima iwe mkononi, na isizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi). Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, inapita.