Wanzuki na saratani ya matiti

Dada yangu wa Ipuli, umeuliza kama wanzuki ni salama kuliko bia kwa kuwa ni ya asali, na mama yako mdogo aliugua saratani ya titi. Hapana, dada. Asali ikishachacha, kilevi ni kilekile. Mwilini hugeuka asetaldehidi, sumu inayoharibu vinasaba, tena hupandisha homoni ya estrojeni. Gramu 10 tu za kilevi kwa siku, kama nusu chupa ya bia, huongeza hatari kwa asilimia 7 hivi. Si kwamba kila anayekunywa ataugua, na mama mdogo asilaumiwe. Lakini wewe punguza, ukiweza acha kabisa. Nenda hospitali ya Kitete, waeleze habari ya ukoo wenu, wakupime. Uvimbe usiouma nao usiupuuze.