Kashata za korosho kwa mchumba

Mdogo wangu, hiyo elfu tano unayosema ndiyo pekee uliyonayo ya Valentine inatosha kumfurahisha shemeji, hapo hapo Mtwara. Achana na maua ya plastiki. Mpikie kashata za korosho.

Sokoni ulizia korosho zilizobanguliwa ila zimevunjika. Ladha ni ile ile na bei iko chini. Usibangue mwenyewe jikoni, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi vibaya. Zikaange bila mafuta mpaka zibadilike rangi, weka pembeni. Kisha sukari kikombe 1 kwenye sufuria kavu, moto mdogo, usitie maji. Koroga bila kuondoka mpaka iyeyuke yote iwe na rangi ya asali. Ikianza kutoa moshi itakuwa chungu. Kwa hiyo ikifika tu rangi ya asali, mwaga korosho vikombe 2, iliki ya kutwanga na chumvi kidogo sana, geuza haraka, tandaza kwenye sinia uliyopaka mafuta. Zikate zingali za moto, zikipoa zitavunjika hovyo.

Februari huku ni mvua na unyevu, kashata hulainika upesi. Zikishapoa tu zifunge kwenye kopo lenye mfuniko, ulivalishe kipande cha kitenge. Mafundi cherehani wengi hutoa mabaki bure ukiwaomba vizuri. Ndani tia karatasi uliyoandika kwa mkono, jambo moja tu alilokufanyia ambalo hujalisahau. Kwangu mimi hiyo karatasi ndiyo zawadi yenyewe. Pika tarehe 13 usiku, kesho yake zitakuwa bado kavu.