Jibu kwa mama mwenye mtoto wa darasa la kwanza anayesahau na kupoteza vitu

Dada yangu uliyeuliza kuhusu mwanao wa miaka saba, swali lako ni lile lile ninaloletewa na wazazi karibu kila muhula. Umeeleza kwamba mtoto anasoma vizuri, lakini penseli hazikai, sweta hubaki shuleni, madaftari huachwa nyumbani, na kila asubuhi siku yenu inaanza kwa kelele na machozi. Ukauliza kama huo ni ukaidi, kama umwache aende bila penseli ili ajifunze, na kama kuna haja ya kumpeleka hospitali. Nimefundisha darasa la awali na darasa la kwanza mkoani Tanga kwa miaka mingi, na nimelea wangu pia, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona.

Mtoto mkaidi anajua unachotaka na anakikataa, ilhali wako, kwa maelezo yako mwenyewe, hulia sweta inapopotea. Kupanga vitu na kufuata hatua ni kazi inayotegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo ni miongoni mwa sehemu zinazochelewa kukomaa na huendelea kukua hata baada ya mtu kufikisha miaka 20. Mtoto anapotakiwa kujiandaa, anatakiwa ayashike maelezo kichwani huku akiyatumia, ajizuie asivutwe na jambo jingine, na tena aweze kubadili mwelekeo mambo yakienda tofauti, na yote hayo kwa wakati mmoja.

Tazama kinachotokea asubuhi. Mzazi akiwa jikoni anaagiza: "Nenda chumbani ukachukue sweta, uvae viatu, utie daftari la hesabu mkobani, halafu uje unywe chai." Mtoto anaondoka mbio kwa nia njema kabisa, anaikuta sweta, anaingiza mkono mmoja, na anapoinama kuutafuta mkono wa pili analiona gari lake la makopo chini ya kitanda. Papo hapo viatu, daftari na chai vimekwisha kumtoka. Mama anapoingia anamkuta amepiga magoti, sweta inaning'inia bega moja, analisukuma gari, naye anaapa kwamba mtoto huyu anamdharau. Ukweli ni kwamba maagizo manne yalikuwa mengi kuliko uwezo wa kichwa cha miaka saba chenye usingizi.

Ndiyo maana nasisitiza kwa wazazi wote jambo moja: yapunguze anayotakiwa kuyabeba kichwani, uyahamishie mahali na mikononi mwake. Pigilia msumari karibu na mlango, kwa kimo chake yeye, mkoba na sweta vikae hapo na si pengine popote. Viatu vikae chini ya msumari huo, soksi zikiwa ndani yake. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto, yaani shule ya watoto wadogo, huko Roma mwaka 1907, aliweka samani na rafu ambazo mtoto mdogo anazifikia bila kuomba msaada, na kila kifaa kikawa na mahali pake. Msumari wa chini unafanya kazi hiyo hiyo bila gharama.

Kazi ya kupanga mkoba iondoe asubuhi uihamishie usiku, mara baada ya chakula, kabla usingizi haujamlemea. Siku za mwanzo kaeni chini wote wawili, wewe ukitaja na yeye akitia: madaftari, penseli, kichongeo, ufutio. Baadaye mwachie yeye ataje na wewe usikilize. Kisha ukae kando uulize tu, "Bado nini?" Hapa wazazi wengi huharakisha, wakaacha mkono mapema kwa sababu mtoto alifanya vizuri siku mbili, na mambo yakiharibika wanarudi kwenye ukali. Ondoa msaada wako kidogo kidogo, na akiyumba siku aliyochoka au aliyotoka kuumwa, rudi hatua moja nyuma bila maneno mengi.

Utamsikia akijisemea mwenyewe: "Soksi kwanza, halafu kiatu, halafu kamba." Tafadhali usimnyamazishe. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto huiongoza kazi yake kwa sauti kabla sauti hiyo haijaingia ndani ikawa fikra ya kimya. Darasani kwangu nawaruhusu wanong'one wanapopanga vitabu, na naona wanaonong'ona wanamaliza bila kuacha kitu.

Mazoezi mengine tunayo tayari majumbani, na inanisikitisha kuona yanapotea. Kumtuma mtoto duka la jirani, akiambiwa alete nusu kilo ya sukari, kiberiti na chenji, ni somo kamili, hasa ukimtaka ayarudie maagizo mbele yako kabla hajatoka. Michezo nayo inafundisha. Kwenye rede, mtoto anajaza mchanga chupani huku akiukwepa mpira na kuwaangalia wanaourusha. Kwenye mdako anakirusha kijiwe juu na kuamua, kabla hakijashuka, atoe kete ngapi shimoni. Mtoto anayemaliza jioni nzima mbele ya simu anayakosa hayo yote, na mara nyingi analala kwa kuchelewa pia. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na mwalimu yeyote atakuambia anavyomtambua asiyezipata.

Kuhusu kumnyima penseli, mimi sikubaliani. Atakaa darasani bila kuandika, huenda akaadhibiwa mbele ya wenzake, na mtoto mwenye hofu husahau zaidi. Mpe penseli moja kwa siku, iwekwe alama yake kwa uzi wa rangi au kipande cha plasta, na mwombe mwalimu wake awape watoto dakika mbili za kukagua vitu kabla ya kengele ya mwisho. Mwalimu akiombwa kwa heshima hakatai, kwa sababu hata yeye anachoshwa na sweta zinazobaki madarasani.

Hospitali ni jambo la kuliangalia kwa utulivu. Anza na macho na masikio, kwani mtoto asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu. Ukiona kutotulia na kutozingatia kunazidi sana kule kwa wenzake wa rika moja, kumedumu miezi 6 au zaidi, na kunaonekana nyumbani, shuleni na hata madrasa, wala si mahali pamoja tu, basi mpeleke kwa daktari wa watoto na umweleze mifano halisi, ikiwa imeandikwa pamoja na tarehe. Umri wake pia mtajie daktari, kwa sababu mtoto aliyeingia darasa la kwanza akiwa mdogo kuliko wenzake anaweza kuonekana ana tatizo wakati anahitaji miezi michache tu ya kukua.