Jikoni na Anti: Tambi za Kichina zinanigeukia uji!

Anti shikamoo. Mi nakaa Mbagala, mume wangu na watoto wanazipenda sana zile tambi za kuku za mgahawa wa Wachina, zile unafungiwa kwenye kopo unabeba, sasa kila wikiendi pesa inaenda huko nkasema basi nijifunze. Nikachemsha spageti, nikakata kuku, karoti, kabichi, hoho, vyote nikatia kwenye frampeni kwa mpigo nikamwagia soya sosi. Yametoka majimaji, tambi zimeshikana, kuku mgumu kama ndala, rangi nyeusi na chumvi kali. Mume wangu kala kimya kimya na hiyo ndo imeniuma zaidi. Nakosea wapi? *Mama Pacha*

Marahaba mwanangu, na pole na huo ukimya, bora angelalamika tu tukajua moja. Kosa lako umeliandika mwenyewe hapo, "vyote kwa mpigo". Kabichi ina maji, hoho lina maji, kuku ndo usiseme, ukivirundika pamoja moto unashuka, maji yanatoka hayapati nafasi ya kukauka, hapo hukaangi tena, unachemsha. Mgahawani wenzio wana jiko linanguruma kama mashine ya kusaga, la kwetu la gesi halifiki hata robo, kwa hiyo dawa ni kupika kidogo kidogo. Na usikimbilie kununua karai la Kichina, lile karai lako la chuma la kukaangia maandazi linatosha kabisa, na kama una jiko la mkaa, na mkaa ukakolea vizuri, mi naona linashinda hata gesi.

Tuanze na kuku. Chukua broila, tena paja lililotolewa mfupa, kidari kinakauka haraka. Kienyeji hapana jamani, kienyeji ana supu yake. Nusu kilo kata vipande vyembamba kukatisha nyuzi za nyama, nyunyizia nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, changanya, acha dakika 15, alafu suuza vizuri na uikamue maji. Soda inazuia nyama isijikaze ikipata moto, ndo maana kuku wa Wachina analainika vile mpaka watu wanashangaa. Ukishaikamua tia kijiko kikubwa cha soya, kimoja cha wanga wa mahindi na kimoja cha mafuta. Wanga nnaosema ni ule mweupe laini wa kutengenezea kastadi, sio sembe! Kuna msomaji aliwahi kutia sembe, tuliyaongea tukayamaliza.

Tambi sasa. Kama hupati zile za mayai, spageti nyembamba pakiti moja ya gramu 400 inafaa, ila maji ya kuchemshia weka kijiko cha chai kimoja cha bekingi soda kwa kila lita. Tambi za Kichina za njano zinakandwa na maji ya magadi yao, ndo zinapata ule utelezi na kuvutika kidogo, kwa hiyo hapa unaidanganya spageti ijione imetoka Guangdong kule Uchina. Tumia sufuria kubwa maana povu litapanda. Najua kuna mtu atauliza kwani nisitie magadi yale ya maharage, usitie, magadi ya sokoni mengine yana floraidi nyingi inaharibu meno ya watoto. Zitoe bado zina kiini kigumu kidogo, suuza na maji ya baridi, chuja mpaka zikauke kabisa, pakaza mafuta. Zikiwa na maji umerudi kwenye uji.

Sosi changanya pembeni kwenye kikombe kabla hujawasha jiko: soya ya kawaida vijiko vikubwa 3, soya nyeusi kimoja, sosi ya chaza viwili, sukari kijiko cha chai, pilipili manga, supu au maji vijiko 4. Ile nyeusi ni ya rangi, ya kawaida ndo ya chumvi, wewe nahisi ulimwaga nyeusi kama kawaida. Na chumvi usiongeze.

Karai likianza kutoa moshi tia mafuta, kaanga kuku nusu, toa, kaanga nusu nyingine, toa. Mboga dakika mbili tu zibaki na mlio, toa. Mafuta tena, tangawizi na kitunguu saumu, wakati huo huo tambi, ziache zitulie sekunde chache ziungue kidogo chini (ile harufu Wakantoni, Wachina wa huko Guangdong, wanaiita *wok hei*, pumzi ya karai), alafu rudisha vyote, mwaga sosi, geuza geuza dakika moja, zima. Mafuta ya ufuta kijiko cha chai mwisho kabisa, na majani ya kitunguu. Kama karai lako dogo, tambi nazo zigawe mara mbili.

Anti, niko Minneapolis, huku menyu zinaandika *lo mein* na *chow mein*, nikiagiza moja napata tambi, nikiagiza nyingine napata mboga na rojo. Kwani si kitu kimoja? *Kaka wa Baridi*

Kaka, *mein* ni tambi, *chow* kukaanga, *lo* kuchanganya na sosi. Majina waliyapeleka Wakantoni waliohamia Marekani karne ya 19, huko kila eneo likajipikia lake. Hapo Minnesota ulipo *chow mein* ya kizamani ni figili (celery) na rojo zito juu ya tambi kavu za kukaangwa, na mtu aliyeisambaza kwenye makopo ni Jeno Paulucci wa Duluth, hapo hapo Minnesota, miaka ya 1940, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano! We ukitaka tambi laini agiza *lo mein*. Ukipika nyumbani fuata ya Mama Pacha hapo juu, ila usiziunguze.

Asalaam aleikum Anti, nipo Unguja, kwenye mapishi mengi naona wanatia mvinyo wa mchele. Nikiuacha tambi zitaharibika? *Bi Mkubwa wa Mwanakwerekwe*

Waaleikum salaam. Haziharibiki, weka supu ya kuku vijiko viwili na siki matone machache. Ila chupa za sosi za dukani soma maandishi ya nyuma, kuna soya na sosi za chaza zinazoongezwa spiriti, na kopo la unga wa supu ya kuku nalo ligeuze uangalie kama ni halali.