Maswali ya Wasomaji: Kutoka Uwanja wa Ndege wa San Francisco Hadi Lost Coast

SWALI: Shikamoo, mhariri. Ninaishi Minneapolis, na mwezi wa Agosti mdogo wangu wa kike anakuja kunitembelea kutoka Mombasa. Tumepata kibali cha kutembea kwa miguu na kulala kwenye hema katika pwani ya Lost Coast, kaskazini mwa California, kuanzia ufuo wa Mattole hadi Shelter Cove. Ndege zetu zote mbili zinatua San Francisco siku ya Alhamisi saa nane mchana, na kibali kinaanza Ijumaa. Nimepanga tukodi gari, tuendeshe usiku huohuo, na Ijumaa asubuhi tuanze kutembea. Je, inawezekana? Gari tuliache wapi, maana tunaanzia mahali pamoja na kumalizia pengine? Na jiko langu la gesi nitaruhusiwa kupanda nalo ndege? – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inawezekana, lakini nakusihi usifanye hivyo. Umeanza kupanga safari kutoka saa ya kutua kwa ndege kwenda mbele, ilhali safari ya Lost Coast hupangwa kwa kurudi nyuma, kuanzia saa za kupwa kwa maji. Maji ndiyo yanayoamua saa ya kuondoka Mattole, saa hiyo ndiyo inayoamua gari la kuwapeleka huko, gari hilo ndilo linaloamua mtalala wapi usiku wa kabla yake, na ndege inakuja mwisho kabisa. Naomba nieleze kwa utaratibu huo.

Barabara kuu namba 1 hufuata ukingo wa Pasifiki kwa sehemu kubwa ya California, lakini ikishapita Rockport huiacha bahari na kuingia bara hadi Leggett, inakoungana na barabara kuu namba 101, kwa sababu milima ya King Range inashuka hadi baharini kwa mteremko mkali mno. Kilele cha King Peak kina urefu wa zaidi ya mita 1,200, nacho kiko kilomita 5 hivi tu kutoka ufukweni. Ndiyo maana pwani hiyo ilibaki bila barabara kuu, na ndiyo maana mnaitamani. Bunge la Marekani liliitenga King Range kuwa eneo la hifadhi mwaka 1970, na msimamizi wake ni idara ya serikali kuu ya usimamizi wa ardhi, BLM, ambayo ndiyo iliyowapa kibali.

Njia yenu kutoka Mattole hadi ufuo wa Black Sands, ulioko Shelter Cove, ni kama kilomita 40, na sehemu kubwa yake ni ufukweni kwenyewe, juu ya mchanga laini, kokoto na majabali. Kuna vipande viwili virefu ambavyo maji yakijaa havipitiki: cha kwanza ni kutoka Sea Lion Gulch hadi kijito cha Randall, na cha pili ni kutoka Miller Flat hadi kijito cha Gitchell. Kila kimoja kina urefu wa kilomita 6 au 7. Upande mmoja kuna bahari, upande mwingine kuna genge lisilopandika, na katikati pana ukanda mwembamba ambao maji huumeza. Anayebeba shanta zito juu ya mawe yale huenda taratibu sana, hata kilomita 2 kwa saa ni mwendo wa kawaida, kwa hiyo kila kipande kihesabie saa tatu au zaidi. Mwingie maji yakiwa bado yanapwa, ili yakianza kurudi muwe mmekwisha kuvuka.

Hapa naomba mdogo wako asikilize kwa makini, kwa sababu ujuzi wake wa bahari ya nyumbani unaweza kumpotosha. Mombasa maji hupwa mara mbili kwa siku, na mara zote mbili hupwa kwa kiasi kinachokaribiana. California pia hupwa mara mbili, lakini haziko sawa: kupwa kumoja ni kwa chini sana, na kwingine huenda kukawa kwa juu kiasi cha kukuachia njia finyu au kukunyima njia kabisa. Usitazame saa peke yake katika jedwali la maji la NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, tazama na kimo cha maji. Tena saa za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, za huko si za Mombasa. Wakati wa kiangazi, kupwa kukubwa zaidi kwa bamvua katika pwani ile huangukia alfajiri, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, saa husogea kuelekea mchana. Hata jedwali likikuonyesha maji yamepwa vizuri, mawimbi makubwa yanaweza kuifunga njia, kwa hiyo soma pia utabiri wa mawimbi siku moja kabla ya kuingia mahali pasipo mtandao wa simu, na kamwe msiipe bahari mgongo. Bahari ile imeshachukua watu, na wengine walikuwa wamesimama tu ufukweni.

Sasa turudi kwenye gari. Liacheni Shelter Cove, kwenye maegesho ya Black Sands, yaani mwisho wa matembezi, kisha mpande gari la abiria la kukodi liwapeleke Mattole. Kuna kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa idhini ya BLM, na mnapaswa kuweka nafasi mapema, hasa kwa mwezi wa Agosti. Kwa njia hiyo kila hatua inawapeleka kwenye gari lenu, hamna wasiwasi wa kumchelewesha dereva anayewangoja, na upepo wa kaskazini-magharibi unaovuma pale wakati wa kiangazi unawasukuma kutoka nyuma badala ya kuwarushia mchanga machoni. Ukitazama ramani utaona Shelter Cove na Mattole ziko karibu, lakini barabara inazunguka nyuma ya milima kwa kona zisizokwisha, na safari huchukua karibu saa mbili. Mwenye kuchafukwa na tumbo garini ale kidogo.

Tuseme mtatoka Shelter Cove saa moja asubuhi. Mtafika Mattole saa tatu, mtatembea kilomita 5 hivi hadi mnara wa taa wa zamani wa Punta Gorda, ulioacha kazi mwaka 1951, mtasimama kuwatazama sili-tembo wanaolala hapo kama magogo yaliyotupwa na maji (kwa mbali, tafadhali, maana ni wanyama wakubwa na wana hasira), na mtafika Sea Lion Gulch karibu na saa sita mchana. Ikiwa siku hiyo maji yalipwa alfajiri, saa hizo bahari itakuwa imerudi na njia imefungwa. Mtapiga hema hapo kungoja, na ratiba nzima imevurugika siku ya kwanza. Kwa siku za namna hiyo, jambo la busara ni kupanda gari la alasiri ya siku iliyotangulia, kulala kwenye kambi ya BLM iliyoko Mattole, mwanzoni mwa njia, na kuondoka kungali na giza kidogo. Lakini kama jedwali linaonyesha maji yatapwa mchana, gari la asubuhi linawafaa kabisa. Kwa hiyo fungua jedwali la tarehe zako kwanza, kisha ndipo upige simu kuweka nafasi ya gari.

Saa ya ndege yenu nayo ipangwe kufuatana na hayo. Saa nane mchana ya San Francisco wakati wa kiangazi ni saa sita usiku ya Mombasa. Mdogo wako atakuwa ametoka katika safari ndefu, atapanga foleni ya uhamiaji, atangoja begi, kisha mwende kuchukua gari. Hamtaondoka uwanjani kabla ya saa kumi, na saa kumi ni wakati ambao watu wote wa mjini wanarudi nyumbani kwa barabara hiyohiyo ya 101. Kufika Garberville, mji mdogo ambapo mtaiacha 101 kuelekea Shelter Cove, kunahitaji saa nne za barabara iliyo tupu, na jioni hiyo haitakuwa tupu. Kutoka hapo bado kuna karibu saa nzima ya kupanda na kushuka mlima kwa kona, gizani, paa wakikatiza barabara, huku dereva akiwa wewe peke yako, kwani huyo mwenzako atakuwa amelala. Sitaki uiendeshe barabara ile usiku kwa mara yako ya kwanza.

Laleni Alhamisi njiani, Santa Rosa au Ukiah. Ijumaa mwende taratibu hadi Garberville, mjaze mafuta, mnunue chakula kilichobaki, na mpige simu zenu za mwisho, kwa sababu mtandao unapungua kuanzia hapo. Kisha pitieni Redway na barabara ya Briceland kuelekea Shelter Cove. Ramani ya simu ikiwashauri mwiache lami na kufuata Usal Road kwa sababu mstari wake unaelekea kaskazini sambamba na pwani, ikataeni. Ile ni barabara ya udongo, nyembamba, na si mahali pa gari la kukodi. Ijumaa jioni mtakuwa Shelter Cove au, maji yakitaka, Mattole, na Jumamosi mtaanza kutembea mkiwa mmelala usingizi wa kutosha. Maana yake ni kwamba mnahitaji kibali kinachoanza Jumamosi. Ingia sasa hivi katika tovuti ya recreation.gov uone kama nafasi ipo, kwa kuwa idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia kila siku ina kikomo na nafasi za mwisho wa wiki huisha haraka. Ikikosekana, ni heri mje kwa ndege siku moja mapema zaidi kuliko kubana usiku.

Kuhusu jiko, lenyewe linaruhusiwa ikiwa ni safi na halina hata harufu ya gesi, lakini mtungi wa gesi umepigwa marufuku katika ndege, uwe kwenye begi la mkononi au lile linaloingia chini. Nunueni gesi mkishatua, na msingoje kufika Shelter Cove, kijiji chenye maduka machache. Jiko hilo linahitaji kibali cha moto cha jimbo la California, ambacho hutolewa bure mtandaoni. Vilevile kila mmoja wenu lazima abebe chombo kigumu cha kuhifadhia chakula ambacho dubu hawezi kukifungua, na chombo hicho hukodishwa na baadhi ya kampuni hizohizo za usafiri, kwa hiyo kiulizie katika simu ileile. Kijazeni pia dawa ya meno, sabuni na kila chenye harufu.

Jambo la mwisho kwenu: msikate tiketi ya kurudi kwa siku mtakayomaliza kutembea. Kipande cha Miller Flat kiko karibu na mwisho wa njia, na kama bahari itawazuia hapo mtangoja kupwa kunakofuata, pengine hadi kesho yake. Mtu mwenye ndege ya jioni hushawishika kuingia wakati usiofaa, na huo ndio ushawishi ninaouogopa kuliko dubu na nyoka wa huko.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi hapa Oakland, sina gari wala leseni. Je, Lost Coast inafikika kwa usafiri wa umma? – Msomaji, Oakland

JIBU: Hadi Garberville, ndiyo. Panda treni ya BART hadi Richmond, ubadilishe hapohapo uingie treni ya Amtrak hadi Martinez, na kutoka Martinez kuna basi la Amtrak linalokwenda kaskazini hadi Arcata na kusimama Garberville njiani. Safari hiyo inakula siku nzima, na ratiba hubadilika, kwa hiyo kata tiketi moja inayounganisha treni na basi ili usiachwe katikati. Kutoka Garberville hakuna basi la umma linalokwenda Shelter Cove wala Mattole. Hapo utategemea zile kampuni za usafiri nilizomweleza msomaji wa Minneapolis, na baadhi yao hukubali kumchukua abiria Garberville akipatana nao mapema. Kwa mtu mmoja bei huuma, kwa hiyo tafuta wenzako wawili au watatu mchangie. Lala Garberville usiku wa kwanza, uondoke asubuhi.

SWALI: Nimeona kuna uwanja wa ndege McKinleyville, karibu zaidi na Mattole kuliko San Francisco. Kwa nini watu wasitumie huo? – Msomaji, Houston

JIBU: Wapo wanaoutumia, na kwa atakayeanzia Mattole una faida ya kweli. Miji ya Arcata na Eureka iko jirani, ina maduka ya vifaa vya kambi yanayouza gesi, na kutoka Eureka hadi Mattole kwa kupitia Ferndale na Petrolia ni karibu saa mbili, ingawa barabara ya baada ya Ferndale ina mashimo na kona za kutosha. Tatizo ni ukungu. Mahali pale pana ukungu mzito kiasi kwamba baada ya kiwanja hicho kujengwa na jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kilitumiwa kufanyia majaribio ya kutua ndege katika ukungu. Asubuhi na usiku wa kiangazi ndege huchelewa au kufutwa, na mara nyingi abiria hukwama San Francisco anakounganishia. Ukiamua kupitia huko, chagua ndege inayotua mchana, uache siku moja nzima kati ya kutua na kuanza kutembea, na upatane na kampuni ya usafiri kwamba ikiwa ndege itafutwa nafasi yako itahamishiwa kesho yake.