Kwa mnaoanza kufundisha habari za chakula na kilimo kanisani

Ndugu zangu, mkianza kuongoza kikundi cha kanisa kuhusu chakula na kilimo, maswali ya kwanza yatahusu sahani. Mkristo ale nyama au asile? Mazao yaliyobadilishwa vinasaba tuyakubali? Nawashauri msianzie hapo. Anzieni kwa aliyelima na kwa udongo alioulima, mezani mtafika baadaye. Darasa linaloanza na sahani hugawanyika kabla Biblia haijafunguliwa, kila mtu akitetea mazoea ya nyumbani kwao.

Jambo ambalo ningependa mlishike mapema ni hili: Maandiko hayayabebi mambo haya yote kwa uzito mmoja. Kuhusu kinacholiwa, nafasi iliyoachwa ni kubwa. Katika Mwanzo 1:29 binadamu anapewa mimea. Baada ya gharika, Mwanzo 9:3, anaruhusiwa nyama, ila si pamoja na damu yake. Paulo katika Warumi 14 ana mmoja anayekula vyote na mwingine anayekula mboga tu, wala hamwamuru yeyote abadili mlo wake. Anachokataza ni dharau upande mmoja na hukumu upande wa pili. Wakorintho nao anawaambia wale kinachouzwa sokoni bila kuuliza-uliza. Mtu akiwaambia waziwazi kwamba nyama ile imetolewa sadaka, hapo waiache, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyewaambia.

Sasa fungueni mistari ya ujira, muone sauti inavyobadilika. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijachwa. Walawi 19:9-10 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimemfikia Bwana wa majeshi. Hapa hakuna anayeachiwa aamue kadiri ya dhamiri yake. Nimeona vikundi vikipindua mpangilio huu: mlo wa jirani wanaufanya sheria, na malipo ya aliyevuna wanayaacha kwa hiari ya mwenye shamba. Mkiona mazungumzo yanaelekea huko, yasimamisheni palepale.

Mnyama naye hajasahauliwa. Ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa (Kumbukumbu la Torati 25:4), na siku ya saba ng'ombe na punda wapumzike (Kutoka 23:12). Kwa hiyo hata anayekula nyama kwa dhamiri safi bado ana la kujibu kuhusu jinsi mnyama yule alivyofugwa.

Kwenye udongo nitakaa zaidi, maana hapa ndipo wakulima wanapotusikiliza au wanapotuacha. Walawi 25 inaipa ardhi pumziko kila mwaka wa saba, na wahubiri wengi huishia hapo. Mkulima anataka kujua afanye nini msimu huu. Nchini Zimbabwe, katika miaka ya 1980, Mkristo mmoja, Brian Oldreive, aliacha kugeuza udongo kwa plau, akapanda kwenye mashimo na kufunika shamba kwa mabua, na mafundisho yake yameenea kupitia makanisa ya nchi nyingi. Fundisheni njia kama hii, ila elezeni inavyofanya kazi: matandazo, yaani mabua hayo yanayofunika shamba, hupunguza uvukizi wa maji, huupoza udongo, huzuia mvua kubwa isiuchukue, na yakioza huwalisha viumbe wadogo waliomo ndani yake. Elezeni pia ugumu wake. Penye ukame na mifugo mingi, mabua yaleyale ndiyo malisho ya kiangazi, na familia italazimika kuchagua. Na tafadhali, msimwahidi mkulima mavuno kama malipo ya utii. Bwana mwenyewe alisema Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Mvua ikikata, mliyemwahidi vile atadhani ametupwa na Mungu.

Somo la kutopoteza chakula lina mtego wake. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lilikadiria kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa. Yesu aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe (Yohana 6:12), na mahubiri hapo huja yenyewe. Lakini kwenye nchi tajiri sehemu kubwa hutupwa na walaji, na kwenye nchi maskini hasara nyingi hutokea baada ya kuvuna na ghalani. Anayepoteza mahindi kwa dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka ghalani, hahitaji kuonywa juu ya ubadhirifu. Anahitaji kukausha vizuri na kupata chombo kisichopitisha hewa.

Mtakutana pia na wasioamini wanaosema imani yetu ndiyo iliyoharibu dunia. Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 1967, mwanahistoria Lynn White alipochapisha makala katika jarida la Science akiutwika Ukristo wa Magharibi sehemu kubwa ya lawama. Isomeni yote kabla ya kuijibu. Mwishoni anapendekeza Fransisko wa Assisi awe mtakatifu msimamizi wa wanaikolojia, na mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Fransisko kuwa hivyo. Mkosoaji wa namna hii ni wa kuketi naye. Kubalini palipo na ukweli, kisha mwonyesheni sheria ya masazo, ile ya kuwaachia maskini pembe za shamba, na ya mwaka wa saba. Akiwaalika kula kwake, nendeni. Paulo aliruhusu (1 Wakorintho 10:27).

Kazi ya kwanza ya kikundi iwe kanisani kwenu. Mlo wa pamoja unapoandaliwa, ulizeni kama waliopika wamelipwa au wamejitolea kwa hiari, nani huondoka bila kula, na mabaki huenda wapi. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu mezani pao mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa (1 Wakorintho 11:21). Majibu mtakayoyapata yapelekeni kwa wazee wa kanisa kabla hamjapanga somo la pili.