Mkuu, usitume hela ya Larry Lurex kabla hujaona sehemu laini

Simama hapo hapo mkuu. Usitume hata senti.

Nimeusoma uzi wako mpaka mwisho. Umepata santuri ya Larry Lurex, nakala ya promosheni (zile za kupelekwa redioni), jamaa wa Ulaya anaiuza na anakuharakisha. Unataka kuitundika kwenye mgahawa wako Mji Mkongwe kwa sababu aliyeimba kwa jina hilo, Freddie Mercury, ni mtoto wa pale. Unauliza kama bei ni ya haki, isafirishwe vipi, itunzwe vipi na chumvi ya pwani, na ununue gramafoni gani. Halafu umeweka picha moja tu, ya lebo. Ni picha ya aina hiyo hiyo iliyonimaliza mimi.

Kwa ambao hawaijui: kabla bendi ya Queen haijatoa kitu chochote, mwimbaji wao Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, aliombwa na Robin Geoffrey Cable wa studio za Trident, London, aimbe "I Can Hear Music". Wenzake wa Queen, Brian May na Roger Taylor, nao wakashiriki. Kampuni ya santuri ya EMI wakaitoa Juni 1973, namba EMI 2030, nyuma yake "Goin' Back". Jina la Larry Lurex lilikuwa la kumtania mwimbaji Gary Glitter, aliyekuwa anavuma wakati ule. Haikuuzika. Julai ikatoka singo ya kwanza ya Queen, Larry akasahaulika. Queen walipokuja kuwa Queen, kila mtu akaanza kuitafuta, hasa zile nakala za kupelekwa redioni. Hapo ndipo matapeli wanapokula.

Sasa sikiliza. Ili nipate ya kwangu niliuza santuri za marehemu baba: za bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na zile za lebo ya Mzuri zilizotoka Mombasa kwa Assanand. Nyingine zilikuwa bado na mwandiko wake kwenye mfuko. Nilijua ninachouza, ila niliambiwa nafasi kama hii hairudi. Aliyeniambia ni muuzaji mwenyewe, kila siku ujumbe: kuna mteja mwingine, kuna mteja mwingine. Nikamuomba mtu wa kundi la wakusanyaji, mmoja ambaye wote wanamwita mtaalamu, aniangalizie. Akatazama picha ya lebo peke yake akajibu, "Hiyo ni original, chukua." Nikachukua. Baadaye sana nikaja kugundua yeye na muuzaji wanagawana wateja. Mtu mzima, anajua unauza vitu vya baba yako, na anakuchomea hivyo hivyo! Huyo sijamsamehe na sina mpango wa kumsamehe.

Mzigo ulipofika, lebo ilikuwa safi, karatasi nyeupe, herufi nyeusi. Nikaiweka chini ya taa nikaiinamisha. Kati ya mfereji wa mwisho na lebo kuna sehemu laini isiyo na muziki, na pale ndipo kiwanda kinapoacha alama zake. Yangu ilikuwa na namba iliyochorwa kwa mkono, imepinda kama mtoto aliyeandika kwenye dawati kwa msumari. Santuri za EMI za miaka ile, zilizotoka kiwanda chao cha Hayes, Uingereza, kwa desturi namba zake zimegongwa kwa mashine, herufi zimesimama sawasawa. Ukiiweka namba kuu chini, kushoto unakuta tarakimu ya kalibu mama (ile inayozaa kalibu za kuchapia), na kulia herufi za kalibu ya kuchapia, ile inayogandamiza santuri yenyewe. Herufi hizo zinasimama badala ya tarakimu, na zinatoka kwenye neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, unaendelea hivyo mpaka D ambayo ni 0. Yangu kushoto hakuna kitu, kulia hakuna kitu.

Nikaipiga. Kabla wimbo haujaanza, nikasikia kelele za sindano ikikwaruza, tap, tap, tap. Nikaisimamisha nikaikagua pale pale kwa taa: hakuna mkwaruzo hata mmoja. Zile kelele zilikuwa za santuri nyingine, waliyoipiga wakairekodi na kuichapa upya. Nilinunua kopi ya santuri ya mtu mwingine pamoja na mikwaruzo yake.

Mnaotaka kucheka chekeni, lakini kwanza msaidieni kumzuia huyu mwenzetu.

Kwa hiyo mkuu, usilipe kabla hujapata picha ya ile sehemu laini, pande zote mbili, taa ikimulika kwa pembeni ili alama zionekane. Lebo inachapwa na mtu yeyote mwenye mashine nzuri. Picha ukizipata, ingia Discogs, tovuti ya orodha za santuri, ufungue ukurasa wa toleo hilo, wakusanyaji wengi wameandika alama za nakala zao, ulinganishe herufi kwa herufi. Usimwachie mtu mwingine akulinganishie, hata awe na sifa gani. Na kama lebo ya huyo jamaa imeandikwa Freddie Mercury au Queen kama mwimbaji, funga mazungumzo papo hapo. Mwimbaji wa EMI 2030 ni Larry Lurex.

Kuna pia toleo la Marekani, lililotolewa na kampuni ya Anthem. Hilo usilipime kwa alama za Hayes, kwa sababu viwanda vingi vya kule vilikuwa vinachora namba kwa mkono na santuri ni halali kabisa. Lilinganishe na nakala za Anthem zenyewe. Hapa wengi wanachanganya, wanatupa halali na kununua feki.

Mwandikie usiku huu huu. Akikwambia hana kamera nzuri, au mteja mwingine yuko njiani, nitumie inboksi jina analotumia sokoni. Nina hamu kubwa ya kujua kama ni yule yule.